Babu Aliyevuka kwa Mkopo

Bado sijakutana na ukoo hapa Lupiro uliotokana na mtu aliyekimbia. Wote tumetokana na mashujaa. Kaa kijiweni pale njia panda, barabara moja ikipanda Mahenge na nyingine ikielekea Malinyi, uwaulize wanywa kahawa babu zao walifikaje Bonde la Kilombero. Utaambiwa walikuja na mikuki, ngao za ngozi ya ng'ombe na sauti nzito. Wapishi wa jeshi hilo walizaa kina nani, wabeba mizigo waliishia wapi, na yule aliyekuwa anaharisha njia nzima alioa kwa nani, hakuna ajuaye. Inaelekea hao wote walikufa bila watoto.

Mambo haya hayakuwa yananinyima usingizi mpaka mpwa wangu alipooa Ohio.

Mpwa huyu ni mtoto wa dada yangu, kijana mtulivu, fundi wa kompyuta. Mke aliyempata huko ana adabu zake. Alijua kusema "shikamoo mjomba" kabla hajajua kumega ugali. Tatizo si yeye. Tatizo ni bibi yake mzaa mama. Bibi huyo, ambaye hapa nyumbani tunamwita Bibi wa Ohio, tangu astaafu hana kazi nyingine ila kutafuta babu. Wala si babu wa juzi. Anamtafuta Mwingereza wa kwanza wa ukoo wao kuvuka Bahari ya Atlantiki, enzi ambazo Marekani yenyewe ilikuwa bado koloni la mfalme wa Uingereza. Sasa kwa kuwa tumekuwa wakwe, na kitukuu yuko njiani, akaona haifai mtoto akazaliwa na ukoo ulioandikwa upande mmoja tu. Akatuletea fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vinne. Jina la babu mhamiaji. Mwaka wa kufika. Jina la meli. Bandari aliyoshukia. Mpwa aliitafsiri, akaituma kwa WhatsApp, nami nikaenda kuichapisha steshenari. Mwenye steshenari ana desturi ya kusoma kila kinachotoka kwenye mashine yake, iwe barua ya mapenzi au hati ya kiwanja. Akaisoma yote, akaikunja, akanitazama.

"Mwalimu, kwani hapa Lupiro paliwahi kuwa na bandari?"

Mimi ni mwalimu mstaafu, na ukoo wetu una imani isiyotikisika kwamba mwalimu mstaafu hana kazi. Kikao cha ukoo kikanichagua katibu wa historia kwa kura zote, wakati nimetoka kidogo kufuata sukari ya chai. Niliporudi na sukari nikakuta napigiwa makofi. Mwenyekiti, ambaye ni baba mkubwa, akanikabidhi ile fomu kama anayekabidhi bendera, akasema: "Andika kwamba babu yetu alikuwa nduna, jemadari wa Kingoni. Mengine utayajua huko huko."

Historia ya jumla haina shida, imeandikwa. Sisi kwa upande wa baba ni Wambunga, na Wambunga ni zao la vurugu za Wangoni. Mwanzoni mwa karne ya 19, kule Afrika Kusini, Shaka na majirani zake walichafua hali ya hewa, makundi kwa makundi yakashika njia ya kaskazini. Kundi la Zwangendaba lilivuka Mto Zambezi siku jua lilipopatwa, tarehe 20 Novemba 1835. Kundi jingine, la Wamaseko, lilikuja kwa njia yake. Hatimaye Wangoni wakakutana na Wangoni wenzao katika nchi ya Songea ya leo, na kama ilivyo kawaida ya ndugu waliopoteana muda mrefu, wakapigana. Wamaseko wakashindwa. Wengi wao walirudi kusini hadi Malawi ya leo, na wengine waliokuwa upande wao wakakimbilia kaskazini. Hao wa kaskazini ndio waliotelemkia bonde hili miaka ya 1860, wakawakuta Wandamba na Wapogoro wametulia na samaki wao na mashamba yao.

Umesoma vizuri? Wakashindwa, wakakimbia. Jaribu kulisema hilo kwenye kikao chetu uone kama utapewa soda.

Kilichoharibu kila kitu ni lile jua. Kwa kuwa 20 Novemba 1835 ndiyo tarehe pekee kamili tuliyo nayo, kila mzee ana babu aliyekuwepo. Mmoja alikuwa mbele kabisa na kijiti mkononi, mwingine ndiye aliyesema "msiogope, litarudi". Ukiwakusanya wote wanaotajwa hapa Lupiro tu, Zambezi isingepitika kwa msongamano. Na usithubutu kuwakumbusha kwamba kundi la siku ile lilikuwa la Zwangendaba, na la kwetu lilikuwa jingine.

Nilipomweleza mpwa masikitiko yangu, akacheka sana. Kumbe wakwe zetu nao wana jua lao. Linaitwa Mayflower, meli iliyofika Massachusetts mwaka 1620 na abiria 102, na karibu nusu yao walikufa majira ya baridi ya kwanza. Leo wanaodai kutokana na hao waliobaki ni mamilioni. Kuna hata chama cha wazao wake, kilianzishwa mwaka 1897, na hupokelewi mpaka ulete ushahidi wa kila kizazi, mmoja baada ya mwingine, hadi kwenye ile meli. Bibi wa Ohio alikuwa anautaka uanachama huo kwa moyo wote. Zwangendaba wetu angekuwa na karani wa kuandika abiria, kijiwe cha Lupiro kingefungwa siku hiyo hiyo.

Nikanunua daftari, nikaanza kuzunguka.

Sasa mgeni wa Lupiro lazima aelewe jambo moja. Sisi ni watu waliozoea kuhojiwa. Waswisi walifungua maabara Ifakara mwaka 1957, maabara ikakua hadi ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na watafiti wake wanakijua kijiji chetu kuliko diwani. Sababu ni mbu. Kabla vyandarua havijaenea, mtu wa bonde hili aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mamia ya mara kwa mwaka, na mbu wetu wametajwa kwenye majarida ya sayansi ya dunia nzima. Kuna mitego ya taa, kuna vibanda vya majaribio, kuna vijana waliowahi kulipwa kukaa usiku na miguu wazi wakisubiri mbu. Kwa hiyo mtu mwenye daftari akibisha hodi, mwenye nyumba hasubiri salamu.

"Chumba cha watoto ndicho chenye mbu wengi," mzee wa nyumba ya kwanza aliniambia, akiniongoza ndani. "Wawili wanalala kwenye neti. Babu yao ndiye hataki."

"Mzee wangu, mimi nimekuja kwa ajili ya babu."

"Basi mwambie wewe, labda atakusikia."

Nyumba iliyofuata walinielewa, lakini mama mwenye nyumba akasimama mlangoni na kuniuliza fomu ya ridhaa iko wapi. Yeye hahojiwi bila fomu ya ridhaa. Haki yake anaijua: anaweza kukataa swali lolote, anaweza kujitoa wakati wowote, na hakuna mtu yeyote atakayemnyima matibabu kwa kujitoa kwake. Nikamwambia hii ni historia tu, mama, si damu. Akasema hata historia ni damu. Nikarudi steshenari, nikatunga fomu ya ridhaa ya kuulizwa habari za babu, mwenye steshenari akaisoma yote, akaongeza sentensi moja kuhusu usiri, akanitoza na ya ushauri.

Aliyenijibu bila kusitasita alikuwa jirani yangu Msukuma. Huyu hapa kijijini wanamwita mgeni, na wakikasirika wanamwita mvamizi, hasa mpunga ukiliwa na ng'ombe. Nilimsomea visanduku vya Bibi wa Ohio kwa mzaha tu. Akajibu vyote papo hapo: jina la baba yake, mwaka waliotoka Shinyanga, mahali waliposhushwa, na meli ilikuwa lori la Fuso, tena anamkumbuka hadi utingo. Lupiro nzima, mwenye historia iliyokamilika ni mgeni.

Kwenye mashine ya kukoboa nikakutana na mtani wangu Mhehe. Wahehe walipigana na Wangoni kati ya 1878 na 1882, na sisi Wambunga tuliokuwa bondeni hatukuachwa nyuma katika kugawiwa kichapo. Mtani akasikia ninatafuta habari za babu, akasimamisha mfuko wake wa mpunga.

"Babu yako? Namjua sana. Babu yangu alimwona."

"Alimwona wapi?"

"Kisogoni."

Watu wa foleni nzima walicheka, hata mwendesha mashine akaizima ili asikie vizuri. Sikumjibu. Kwanza ni mtani. Pili, vitabu viko upande wake.

Ikabaki njia moja, shangazi. Yeye ndiye mkubwa wa wote waliobaki, anakaa upande wa mtoni, na watu humwogopa kwa sababu anakumbuka. Nilimkuta uani anapeta mchele, ungo unapanda na kushuka, pumba zinaruka, kuku wamempanga nusu duara wakisubiri. Nikaweka simu juu ya kinu, nikabonyeza pa kurekodi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na sukari?"

Nilikuwa nayo. Katibu wa historia asiyetembea na sukari hafiki karne ya 19.

"Shangazi, yule babu yetu wa kwanza kufika huku alikuwa nani?"

Ungo ukasimama. Akachagua kijiwe kidogo katikati ya mchele, akakirushia kuku, kuku akakidharau.

"Unamtaka yupi? Aliyekuja, au aliyeletwa?"

Nikamwambia sikujua kwamba wako wawili. Akasema hawako wawili, ni mmoja, ila kuna namna mbili za kumsimulia, na hiyo ya kwanza anaijua mwenyekiti. Kisha akanipa ya pili.

Babu hakuwa nduna. Babu alikuwa mtoto. Alichukuliwa njiani huko Undendeule jeshi lilipopita, kama walivyochukuliwa wengine wengi, maana jeshi la Wangoni liliongezeka kwa kukusanya watu kila lilipopita, na waliofika mwisho wa safari wakiitwa Wangoni wengi wao walikuwa wameokotwa humo humo njiani. Kazi yake ilikuwa kubeba mkeka na kibuyu cha bwana mmoja mkubwa. Walipofika Mto Kilombero mguu ulikuwa umevimba kwa mwiba. Wakubwa wakavuka kwenda kupigana, yeye na mkeka wakaachwa ukingoni.

"Wakasema watarudi kumchukua?"

"Mkeka waliurudia."

Mvuvi mmoja wa Kindamba akamwonea huruma, lakini huruma ya Mndamba ina hesabu yake. Alimwambia atamvusha, na nauli atailipa kwa kuparua samaki. Mtoto akaparua. Kitoga, kambale, perege, msimu kwa msimu, mguu ukapona, ndevu zikaota, deni likawa bado halijaisha. Mvuvi alikuwa na binti. Mwisho wa yote babu alivushwa akiwa mkwe, kwenye mtumbwi wa baba mkwe, na bibi harusi ndiye aliyeshika pondo.

"Na nauli alimaliza kulipa?"

"Amalize wapi! Kwani ninyi mmeacha lini kupeleka kitoweo kwa Wandamba?"

Nilikuwa natetemeka kwa furaha. Nikauliza swali lenyewe: jina lake? Shangazi akavuta pumzi, akafumba macho, akaanza kutamka, na pale pale simu ikalia juu ya kinu kwa sauti ya kutosha kuamsha watu wa mtoni. Kuku walitawanyika, mmoja akapitia katikati ya ungo. Nilipoipata na kuinyamazisha, ilikuwa sauti ya yule dada wa mtandao: ndugu mteja, unadaiwa salio ulilokopa. Rekodi ikawa imekatika hapo hapo. Nimeisikiliza baadaye. Ina pumzi ya shangazi, halafu kuku.

"Ulisema anaitwa nani, shangazi?"

"Nimeshamtaja," akasema, akiokota mchele. "Aliyelala hatajwi mara mbili kwa siku, atadhani anaitwa."

Na siku nyingine nilipokwenda, alisema alikwishanitajia.

Ndiyo maana nikapanda mlima. Misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1902, na kuanzia 1921 kazi ikashikwa na Wakapuchini kutoka Uswisi. Nilijiambia kwamba kama babu hakubatizwa, huenda mwanawe alibatizwa, na kitabu cha ubatizo kina safu ya jina la baba. Nikakodi kiti kwenye Noah, yaani nikakodi robo ya kiti, robo tatu akakalia mama mwenye tenga la matembele. Barabara ya kupanda Mahenge ina kona zinazomfanya mtu akumbuke dini yake. Kila nikichungulia bondeni nilikuwa nawaza wale Wapogoro na Wambunga walioupanda mlima huu kwa miguu mwaka 1905, wakalishambulia boma la Wajerumani tarehe 30 Agosti, wakiamini maji ya dawa yatazigeuza risasi. Bunduki za rasharasha ziliwangoja juu. Baada ya vita Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua waliosalimika na risasi, na sioni ni nani mwenye akili angesimama mbele ya karani wa serikali miaka hiyo akajitambulisha kwa ukoo wake wote. Majina mengi ya bonde hili yalibadilika kwa busara tu.

Parokia niliyokwenda sitaitaja, maana mtunza vitabu wake ana undugu na jirani yangu. Alinipokea vizuri, akapangusa kitabu kwa kanzu yake, akanifungulia. Mwandiko ulikuwa wa Kizungu cha zamani, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, na lugha ni Kilatini. Tuliusoma kwa kusaidiana, yeye akijua sala na mimi nikijua kubahatisha. Na kweli nikamkuta mwana wa babu: kijana wa Lupiro, umri unalingana, jina la mama la Kindamba limeandikwa vizuri kabisa. Jina la ubatizo, Fransisko. Nikashusha kidole kwenye safu ya baba. Imeandikwa neno moja la Kilatini.

"Hilo ndilo jina lake?" nikauliza.

"Hapana mwalimu. Hilo maana yake mpagani."

Ukurasa mzima ulikuwa na baba wa jina hilo. Isitoshe, Wakapuchini ni watoto wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kwa hiyo wana wa wapagani hao karibu wote waliitwa Fransisko. Na kijana wetu mwenyewe hakukaa sana na jina lile. Risiti yake ya kodi ya kichwa, ambayo baba mkubwa anaitunza ndani ya bati la biskuti, inasema Salum, maana aliposhuka Ifakara kufanya biashara ya samaki wakavu alisilimu pamoja na rafiki zake wa Kimbunga. Shangazi anasema alikuwa mtu wa mpango. Wadai wa mlimani wakija Ifakara wanamkuta Salum, na wadai wa Ifakara wakipanda mlimani wanaambiwa hapa yupo Fransisko tu.

Nikampigia mpwa nikiwa nimekata tamaa. Kumbe na kule Ohio mambo yalikuwa hayo hayo, tena kwa watu wenye makaratasi. Makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu mwaka 1538, amri ya Thomas Cromwell, wakati Kwiro ilikuwa bado msitu. Lakini Bibi wa Ohio anatafuta John. Waingereza wa karne ya 17 walipenda jina la John kama Wakapuchini walivyompenda Fransisko, na kila parokia ilikuwa na kina John wa kutosha kuvuna mpunga wetu wote. Orodha za abiria nazo hazikuwa lazima. Sheria ya Marekani ya kuwataka manahodha waziwasilishe ni ya mwaka 1819, zikaanza 1820, koloni lilishakufa zamani. Penye pengo kama hilo hakosi mjanja. Palikuwa na bwana mmoja, Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyefariki mwaka 1942, ambaye aliwauzia matajiri wa Marekani vitabu vya koo zao, na pale uzi ulipokatika aliunganisha kwa kutunga. Mteja alilipa, akapata babu bwana wa ngome. Kila nikimfikiria Anjou namwona mwenyekiti wetu.

Safari hii, hata hivyo, Bibi alikuwa amempata wake. Si kwenye Mayflower. Alimkuta kwenye daftari la mji wa Bristol, lile lililoandika kati ya 1654 na 1686 watumishi zaidi ya 10,000 waliopelekwa ng'ambo, wengi wao Virginia, Maryland na visiwa vya Karibi. Hawa hawakuwa na nauli. Mtu alitia saini, au alama ya msalaba kama hajui kuandika, mwenye meli akamvusha, na akifika mkataba wake unauzwa kwa mwenye shamba la tumbaku. Anatumika miaka minne, mitano, hata saba, hana ruhusa ya kuoa bila bwana kuridhia, ndipo anakuwa huru. Nilidhani hao walikuwa wachache. Mpwa akanisomea kwamba kati ya nusu na theluthi mbili ya Wazungu waliohamia makoloni yale ya Kiingereza kuanzia miaka ya 1630 walikwenda kwa mtindo huo, na baadaye, kati ya 1718 na 1775, mahakama za Uingereza zikaongeza wafungwa wapatao 50,000. Wazao wao nao siku hizi wote ni wa Mayflower.

Kisha mpwa akanyamaza kidogo, akasema majirani zake weusi wa pale mtaani hawaichekei ile fomu. Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka 1619, mwaka mmoja kabla ya Mayflower, na katika daftari nyingi za baada ya hapo mtu aliandikwa umri na bei. Nikamkumbuka shangazi na swali lake la aliyekuja na aliyeletwa. Sikuongeza neno, na salio nalo likawa limekwisha.

Kikao cha ukoo cha kupokea ripoti kilifanyika chini ya mwembe wa baba mkubwa, chakula wali na kuku, ajenda moja. Nilisoma kila nilichoandika. Nilipofika kwenye mkeka, minong'ono ikaanza. Nilipofika kwenye kuparua samaki, mwenyekiti akavua kofia. Mweka hazina, kijana wa baba mdogo, alikuwa anatoka jasho kuliko wote, na sababu tukaiona baadaye: alikuwa amekwisha chapisha fulana. Nyekundu, ngao kifuani, mikuki miwili imepishana, na maandishi mgongoni: WAZAO WA NDUNA. Hela yote ya mchango ilikuwa mle.

"Ripoti irudishwe kwa katibu akaifanyie marekebisho," mwenyekiti akasema. "Mguu uliovimba tunaukubali. Lakini uvimbe vitani."

Mjumbe mmoja akapendekeza babu aparue samaki kwa muda tu, huku akiwa nduna. Mwingine akauliza kama upo ushahidi kwamba mkeka haukuwa wa kwake mwenyewe. Hoja zikapamba moto, na huenda tungepiga kura kumpandisha babu cheo miaka mia moja na zaidi baada ya kufa kwake, kama shangazi asingenyanyuka kutoka jamvini kwa wanawake.

"Nduna yule alikuwa na majina, wake na ng'ombe," akasema. "Alipovuka hakurudi hata kuuliza mtoto wake wa mkeka yu mzima au amekufa. Mnamtaka huyo? Haya, mchukueni. Lakini kitoga mnachokula kila msimu kwa Wandamba mkilipe tangu mwanzo, maana nduna hakuwa mkwe wao."

Hesabu ya kitoga cha tangu miaka ya 1860 ilipigwa kichwani na kila mjumbe kwa wakati wake. Mwenyekiti akavaa kofia, akasema ripoti imepokelewa kama ilivyo.

Fomu nikaijaza usiku ule ule. Jina: mtoto wa mkeka, jina kamili analo shangazi. Mwaka: kabla ya Wajerumani, baada ya Wamaseko kushindwa. Meli: mtumbwi wa baba mkwe. Bandari: Kivukoni, pale pale kilipokuwa kivuko cha magari kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018. Bibi wa Ohio alijibu siku hiyo hiyo kupitia kwa mpwa, akasema chati ameichora upya. John wake na mtoto wetu wa mkeka amewaweka mstari mmoja, na chini yao ameandika kwamba wote wawili walivushwa kwa mkopo. Ombi la kuingia chama cha Mayflower ameliondoa.

Lililobaki ni fulana. Zipo nyumbani kwa mweka hazina, nyekundu, saizi zote, za watoto pia, bei ni ile ile tuliyochapishia. Kama ukoo wenu una nduna wa kweli, karibuni mnunue. Njooni tu na mzee mmoja wa Kindamba wa kushuhudia kwamba babu yenu alilipa nauli.